Mashine Iliyomkubalia Ndugu Yangu

Mwaka ule nilimwombea ndugu yangu uzima kila Jumapili. Nilikaa kwenye benchi langu kanisani, nikafumba macho, nikamwomba Mungu asimguse kwa ugonjwa wala kwa ajali mpaka Desemba, kwa sababu nilikuwa na kazi naye. Nilitaka apande mlima akiwa mzima kabisa, ale ashibe, akae katikati ya ukoo amenyoosha miguu, ndipo nimmalize. Mchungaji akaniambia moyo wangu umelainika siku hizi. Nikamshukuru.

Ndugu yangu ni kitinda mimba. Kwetu Marangu mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya baba na kihamba, shamba la nyumbani lenye migomba, kahawa na makaburi ya wazee. Anabaki nacho hata kama anaishi Dar es Salaam na anakiona mara moja kwa mwaka. Mimi ni dada yake mkubwa. Nilifundisha Jiografia mpaka nikastaafu, sikuolewa, na ndiye niliyebaki na mama. Baba alipoona siku zake zinakwisha alituita sisi wawili pamoja na baba mdogo, akasema ardhi ni ya kijana na hilo hawezi kulibadili, lakini kahawa ni ya binti mpaka afe, na mtu asimguse.

Wengine wataona hiyo ni zawadi ndogo. Hawajui maisha ya mwanamke asiye na mume kwenye boma la baba yake. Kila anayepita barabarani anamwona kama mgeni aliyechelewa kuondoka. Ile mibuni ndiyo iliyonipa ruhusa ya kusema "shambani kwangu" bila mtu kuniangalia mara mbili. Niliipogoa mwenyewe, niliiwekea samadi ya ng'ombe wangu, nilipigania zamu ya maji ya mfereji hadi nikagombana na nusu ya mtaa. Bila kahawa sikuwa na kitu pale zaidi ya kitanda.

Katikati ya mwaka nilikwenda Rombo kumzika mwalimu mwenzangu. Niliporudi niliona moshi kabla ya kuliona paa letu. Ndugu yangu alikuwa amesimama uani na mabuti mapya ya mpira, vibarua wamelala chini ya mgomba wanakula, na mibuni yangu yote ilikuwa imeng'olewa na mizizi yake, imerundikwa, inawaka. Nilijua kwamba alitaka kujenga nyumba ndogo za watalii, maana alikuwa akinitumia video zake kila wiki. Sikujua kwamba angeanza na mimi.

"Dada, shikamoo," akasema. "Usishtuke. Ilikuwa inaumwa."

"Nani kakwambia?"

"AI." Akatoa simu. "Hii sio ya kubahatisha, dada. Dunia nzima inatumia. Nimeieleza hali ya shamba, ikanijibu. Sikiliza mwenyewe."

Akasoma. Majani ya njano na madoa yanaashiria ugonjwa uliokwisha kusambaa, mibuni iliyozeeka haitibiki kwa faida, inashauriwa ing'olewe yote na kuchomwa. Ilisema hayo kwa utulivu, aya kwa aya, na mwishoni ikamtakia heri katika mradi wake. Baba mdogo, ambaye ndiye mdogo wa baba aliyebaki hai na ndiye shahidi wa wosia ule, alikuwa amekaa kwenye kigoda akiitikia kwa kichwa, kwa heshima.

"Kiswahili safi sana," akaniambia. "Bwana shamba wetu hawezi kuongea hivi."

Mama alikuwa mlangoni, uso ameuelekeza kwenye moshi.

Nilimchukia ndugu yangu pale pale, chuki iliyokaa vizuri bila kutikisika. Niliijua kahawa yangu. Majani yaligeuka njano kwa sababu mfereji ulikauka miezi ile, na madoa yalikuwa ya kutu, ugonjwa wa majani ambao kila mkulima wa mlima huu ameuona na ameupiga dawa. Ningeweza kupiga kelele. Lakini nimekaa darasani miaka mingi na najua kwamba mwanafunzi mjuaji hanyamazishwi kwa kelele. Unamwita mbele ya wenzake, unampa chaki. Nikamwambia, "Umechoka, mdogo wangu. Karibu chai."

Toka siku hiyo nikaanza kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Alipopiga simu nilicheka naye. Alipotuma picha ya msingi wa nyumba zake nilimtumia dole gumba. Na nikaanza kumtafuta huyo AI, kwa sababu niliamini wamekula njama wawili, na sikutaka kumwadhibu mmoja nikamwacha mwingine.

Mafunzo niliyapata Moshi mjini. Tangazo lilisomwa usharikani: wakulima na wastaafu wanakaribishwa kujifunza akili mnemba, ndiyo hiyo AI, bure, na chai ipo. Nikakaa mstari wa mbele na kalamu yangu. Mwalimu alikuwa binti wa chuo, mdogo kiasi cha kuwa mjukuu wangu, mwenye misuko ya rangi ya shaba na sauti ya kujiamini. Nikamwuliza kabla hajamaliza kujitambulisha: "Mwanangu, huyo AI aliyesema kahawa yangu ing'olewe anakaa wapi?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaniambia, "Shikamoo mama. Hakuna AI mmoja. Ni jina la ukoo, sio jina la mtu. Wewe umeumizwa na yupi?"

Swali lile lilinipa nguvu sana. Mtu mwenye kisasi anahitaji kwanza kujua adui yake ni nani.

Akatueleza. Kuna mashine iliyofunzwa kutambua. Inaonyeshwa picha za majani, mengi kupita unavyoweza kuhesabu, mazima na yenye ugonjwa, mpaka ijue kutofautisha. Ukiipa picha mpya inakuambia hili lina kutu, hili halina, na ina uhakika kiasi gani. Haijui kuongea, haikupi salamu, na ukiipa picha ya kiatu itahangaika kukitafutia ugonjwa wa kahawa. Nilimfikiria mama mmoja niliyemfahamu kwenye kiwanda cha kahawa, aliyechagua punje mbovu maisha yake yote na hakuwa na maoni juu ya jambo jingine lolote. Huyo sikuwa na ugomvi naye.

Kuna inayobashiri. Hiyo inalishwa mambo yaliyopita, mvua, bei, joto, kisha inakisia yajayo, na inakosea kama tunavyokosea sote, ila kwa takwimu. Huyo naye nikampita.

Kisha akafika kwa inayopendekeza. Hii inakaa ndani ya simu na kazi yake ni kuangalia macho yako yamesimama wapi. Ukiangalia video ya nyumba za watalii, inakuletea nyingine, na nyingine, mpaka uamini dunia nzima imeacha kulima na inajenga vibanda vya mbao vyenye bafu la kioo. Kalamu ikanisimama mkononi. Nilizikumbuka zile video za kila wiki, nikaona wazi jinsi ndugu yangu alivyopandishwa tamaa kidogo kidogo, amelala kitandani kwake Dar, kidole kinateleza.

Na mwisho akaja kwa yule niliyemtafuta: inayotunga. Imesoma maandishi ya watu bila kiasi na imejifunza neno gani hufuata neno gani, basi ukiiuliza inakutungia jibu linalofanana na majibu. Mara nyingi jibu linakuwa la kweli. Mara nyingine ni uongo uliovaa suti. Haikuwahi kukanyaga shamba lako, na kama hukuipa picha haikuona hata jani moja; inajua ulivyoieleza tu. Tena, binti akasema, ina tabia ya kuegemea upande ulioegemea wewe unapouliza.

"Kama mshereheshaji wa harusi," nikasema. "Anamsifu aliyemlipa."

"Karibu na hapo, mama. Ila huyu halipwi na wewe, na hajui kwamba anasifu."

Akamalizia na ile ambayo watu wanaiogopa kwenye sinema, akili moja inayojua kila kitu na kuelewa kila kitu kama mwanadamu au kumzidi. Akasema hiyo bado haijapatikana. Nikamwambia ipo, inakaa Dar es Salaam na inapanda huku kila Desemba. Safari hii akacheka hata yeye.

Basi picha ikakamilika. Aina moja ilimtia ndugu yangu tamaa, nyingine ikampa sababu. Aliipelekea inayotunga swali la inayotambua, kisha akaisujudia kana kwamba ndiyo ile ya kwenye sinema. Baada ya chai nilimwendea yule binti na simu yangu. Nilikuwa na picha za mibuni ile, nilizipiga mwezi mmoja kabla haijang'olewa ili kumwonyesha muuza dawa. Akaziingiza kwenye mashine yake ya majani, moja moja. Karibu zote zikasoma kutu ya kiwango cha chini, chache hazikuwa na ugonjwa kabisa. Akanionya kwamba na hii hukosea, hasa picha ikipigwa kwenye kivuli cha migomba. Nilimsikia, lakini nilikuwa nimekwisha kupata panga langu na sikutaka kuambiwa habari za makali yake.

Desemba ikafika. Kila anayetujua anajua jinsi wa mjini wanavyorudi mlimani mwezi huo, foleni ya magari inavyoanzia Himo, na kila boma linavyotaka kuonyesha limepata nini mwaka huo. Ndugu yangu alikuja na gari jipya na kreti za soda. Nilimpokea mikono miwili. Nilimpikia mtori mzito wa ndizi, nikamchagulia nyama laini mimi mwenyewe. Kila kijiko alichokula kilinifurahisha, kwa sababu sikutaka aje kusema baadaye kwamba alishambuliwa akiwa na njaa.

Siku ya pili baada ya Krismasi ukoo ulikusanyika kwetu, na baba mdogo akakaa kwenye kiti cha mbele. Mbuzi alikwisha kuliwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, ikazunguka, watu wakalegea. Uwanjani, pale ilipokuwa kahawa yangu, msingi wa vyumba vitatu ulikuwa umekaa na maji ya mvua ndani yake. Nikanyanyuka, nikasema kwa sauti tamu, "Mdogo wangu, hebu waonyeshe wazee ile AI yako. Wengi wanaisikia redioni tu."

Akafurahi, masikini. Akasogeza kiti katikati.

"Iandikie hivi," nikamwambia. "Mimi ni mkulima. Mibuni yangu ni mizee, ina majani ya njano na madoa, naona imekwisha. Nataka kuing'oa yote nijenge. Nafanya vizuri?"

Akaandika, akasoma jibu kwa sauti ya kusomea somo kanisani. Lilikuwa jibu refu na la heshima. Uamuzi wako una mantiki. Mibuni mizee yenye ugonjwa inapunguza mavuno, na kubadili matumizi ya ardhi kunaweza kuongeza kipato. Baba mdogo akasema, "Mnaona?"

"Sasa anza ukurasa mpya, ili isikumbuke," nikasema. "Andika: mibuni ile ile, njano ile ile, madoa yale yale. Baba yangu aliipanda na ndiyo maisha yangu. Mimi naona ni kutu kidogo na ukame. Kuna mtu anataka kuing'oa. Nimruhusu?"

Nilimwona alivyosita. Lakini macho yote yalikuwa kwake, akaandika. Jibu likaja lile lile kwa uzuri, na kinyume kabisa kwa maana. Usiharakishe kuing'oa. Kutu hutibika. Pogoa, mwagilia, tumia dawa inayofaa, mwite bwana shamba aione. Mibuni mizee ikitunzwa inaweza kuzaa tena. Ndugu yangu alisoma mstari wa mwisho kwa kunong'ona, nikamwambia arudie, hawajasikia wa nyuma. Akarudia.

Utamu nilioupata pale siwezi kuuficha, na sitajaribu. Nikawaeleza wote kwamba hii aliyoshika ni ya kutunga maneno na haina macho ya shambani, na kwamba ipo nyingine ya kutambua majani, nayo iliona picha za kahawa yangu na imesema hivi. Nikaonyesha simu yangu kwa baba mdogo, kisha kwa kila aliyetaka. Nikamgeukia ndugu yangu. "Siku ile uliiuliza nini hasa?"

"Dada, inategemea na maelezo," akasema, anacheka peke yake. "Sasa kosa langu liko wapi? Nimepewa ushauri, nikaufuata."

"Huyu basi ni mtu wa kawaida," baba mdogo akasema, akiinyooshea ile simu kidole. "Anamkubalia aliyemnunulia pombe." Watu wakaangua kicheko, na nilimwona ndugu yangu akitazama viatu vyake. Kisha mzee akaacha kucheka. Alikumbuka wosia, alikuwepo. Akamwuliza kijana mbele ya wote atamrudishia nini dada yake.

Hapo ndipo nilipotaka tufike. Nilikuwa na jibu tayari: kipande cha chini ya mfereji, nipande miche mipya, na ukoo ushuhudie kwamba ni changu na hakuna simu itakayokigusa. Ndugu yangu alifungua mdomo. Nadhani angekubali. Mpaka leo nadhani angekubali.

"Mwacheni mwanangu," mama akasema.

Mama hakuwa mtu wa kuongea kwenye vikao. Watu wakamgeukia.

"Mimi ndiye niliyemruhusu. Alinipigia simu kabla hajaja. Na nilijua haiumwi. Nimelima kahawa kabla nyinyi wote hamjazaliwa, kutu naijua."

Nikamwuliza kwa nini.

"Alisema akijenga hapa atarudi kukaa. Nikataka arudi."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe upo," akasema.

Alilisema bila ubaya, kama mtu anayekujibu kuwa chumvi ipo rafuni. Baba mdogo akakohoa, akainamia kata yake ya mbege. Nilielewa kwamba shauri langu limekufa, kwa sababu kama mama mwenye nyumba aliridhia, hakuna wa kumdai kijana chochote. Nusu mwaka nilijifunza aina za mashine, ipi inaona, ipi inakisia, ipi inatunga, nikaweza kumweleza mtu yeyote ni kwa nini mashine ya ndugu yangu ilisema ilivyosema. Mama yangu, ambaye nalala naye ukuta kwa ukuta, ambaye namwosha miguu, sikuwahi kumwuliza swali moja. Nilikusanya vyombo nikaenda kuviosha. Nilivunja sahani mbili na sikuviokota vipande.

Asubuhi ndugu yangu aliondoka mapema kukwepa foleni. Alisema "tutaongea, dada" kupitia dirisha la gari, na mimi nikaendelea kumkamua ng'ombe. Nilipomaliza nikaona mama hayuko kitandani. Alikuwa anakuja kutoka mpakani, taratibu, anashikilia mgomba huu na ule kwa sababu macho yake hayamtoshi tena, viatu vimejaa tope. Mkononi alikuwa na jani la isale.

Isale ni mmea tunaoupanda mpakani. Lakini mtu akikuletea jani lake amekuja kuomba msamaha, na kwetu jani hilo halikataliwi. Unaweza kuwa umeapa kumchinja mtu. Akikupa isale, unapokea na neno linakwisha. Nimewaona watu wazima wakilipelekeana baada ya kupigana mapanga. Sikuwahi kumwona mzazi akimpelekea mtoto wake. Mama alisimama mbele yangu, akalinyoosha kwa mikono miwili, kichwa ameinamisha kidogo, nami nikiwa bado na ndoo ya maziwa mkononi.

Nikaweka ndoo chini, nikalipokea. Nikamwosha tope miguuni, nikampa maziwa ya moto. Yale kati yangu na mama yamekwisha, na nikisema yamekwisha namaanisha hivyo.

Alipomaliza kunywa akaniuliza, "Na ndugu yako?"

Nikamwambia lile jani ni la kwake yeye, aliyelileta. Ndugu yangu bado hajarudi kukaa. Anapiga simu Jumamosi, namjibu vizuri, na mama anamwuliza lini. Isale imejaa tele mpakani, na nikienda kukata majani ya ng'ombe napita pale na kuiangalia, jani kwa jani. Lililokatwa ni moja tu.